Bundi Hujitaja Mwenyewe: Namna ya Kusaka Asili ya Neno

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha watoto wa watu kwamba neno "bundi" tumelipata kwa Waarabu. Nilikuwa na ushahidi wangu: Waarabu humwita ndege huyu buma, sisi tunamwita bundi, na pwani yetu imejaa maneno ya Kiarabu. Kesi imekwisha. Siku moja msichana wa kidato cha pili akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo 'nd' imeingilia wapi?" Sikuwa na jibu. Nikafanya wafanyavyo walimu wengi waliobanwa: nikamsifu kwa swali zuri, nikamwambia akatafute mwenyewe.

Usiku ule nikatafuta mimi. Nikagundua kwamba nilikuwa nimesikia maneno mawili yanafanana, nikayafungisha ndoa bila kuwauliza wazee wa pande zote mbili. Na bundi ndiye ndege mbaya kuliko wote wa kumfanyia haraka ya namna hiyo, kwa sababu anajitaja mwenyewe usiku kucha na kila taifa limemsikia.

Ninayoieleza hapa ndiyo njia ninayoifuata siku hizi nikitaka kujua neno limetoka wapi. Haidai shahada. Inadai daftari, kamusi mbili tatu, simu yenye kinasa sauti, na subira ya kama wiki moja kwa neno moja. Nitakwenda na bundi mwanzo hadi mwisho. Ukishaizoea, ijaribu kwa kunguru, kwa fisi, au kwa neno lolote linalokukosesha usingizi.

Kusanya maana kwanza

Acha kuuliza limetoka wapi. Uliza kwanza watu wanalitumiaje. Fungua ukurasa mpya, andika neno juu, kisha kwa siku mbili au tatu andika kila sentensi unayoisikia au kuikumbuka yenye neno hilo. Andika sentensi nzima, na uweke aliyesema na mahali aliposemea. Ukiandika maana tu utakuwa umeandika tafsiri yako, na tafsiri yako ndiyo tunayotaka kuipima.

Ukurasa wangu ulianza na bibi yangu, ambaye alikuwa akimsikia juu ya mwembe na kuuliza kwa sauti ya chini, "Huyo bundi anamwita nani?" Akafuata jirani aliyemlalamikia mpangaji mwenzake: tangu bundi huyu ahamie hapa, hatujapata amani. Kisha kurasa za michezo: timu kubwa ikifungwa mechi tatu mfululizo, lazima atatokea mwandishi wa kutuambia kwamba bundi ametua klabuni. Hizo tayari ni maana tatu: ndege, mtu mwenye kisirani, na mkosi wenyewe.

Katika maana ya tatu ndege hayupo kabisa. Hakuna mwandishi wa michezo aliyepanda juu ya paa la klabu kuhakiki. Hata hivyo kitenzi kimebaki cha ndege: mkosi huu "hutua". Kwa hiyo, katika daftari lako, pigia mstari vitenzi vinavyoandamana na neno. Neno linaweza kuhama kutoka maana hadi maana, lakini mara nyingi huhama na vyombo vyake vya zamani.

Andika pia matukio ambayo watu walilazimika kueleza neno hadharani. Kwa bundi tunalo moja zuri. Mwishoni mwa Januari 2019 bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge la Tanzania, Dodoma, na wabunge wakaanza kunong'ona. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akawatuliza kwa kusema kwamba kwa mila za watu wa Dodoma, bundi anayeonekana mchana hana madhara. Kwa msaka maana, kauli hiyo ni dhahabu. Inatuonyesha kwamba uchuro wa bundi una masharti: saa, mahali, na pengine mlio. Kamusi nyingi hazisemi hayo. Zinasema tu ni ndege wa usiku anayedhaniwa kuleta balaa.

Kabla hujafunga ukurasa huu, tazama upatanisho wa kisarufi. Hapa Kiswahili kinatupa zawadi ambayo lugha nyingi hazina. Wazee wa pwani walisema "ndege njema" na "ndege mbaya" wakikusudia dalili njema na dalili mbaya. Angalia "njema". Kama wangekuwa wanamsifu ndege mwenyewe, tungetarajia "ndege mwema", kwa kuwa ndege ni kiumbe hai. Ile "nj" inatwambia kwamba hapo ndege ameshaacha kuwa kiumbe, amekuwa habari. Kiarabu nacho kimepita njia hiyohiyo: tair ni ndege, na tiyara ni imani ya kutabiri mabaya kwa ndege. (Tiara wanayorusha watoto wetu kwa uzi ni tawi la mzizi huohuo wa kuruka.) Warumi waliita dalili ya mbinguni auspicium, neno lililoungwa kwa ndege na kutazama. Basi bundi alikuta kazi ya utabiri imekwisha gawiwa kwa ndege wote. Yeye alipewa zamu ya usiku.

Livunje neno, kama linavunjika

Maneno mengine hubeba asili yake mgongoni. Kabla ya kukimbilia Uarabuni au Ureno, jaribu kulikata neno kwa kisu cha Kiswahili chenyewe.

"Bundi" halikatiki. Lakini bundi hayuko peke yake. Tuna kipasuasanda, na hilo hukatika kama muwa: ki, pasua, sanda. Muundo huu tunao kwingi, katika kipaza sauti, kinasa sauti, kifungua mimba. Ni kitu au kiumbe kinachofanya kazi fulani kwa kitu fulani. Huyu anapasua sanda. Ukitaka kujua kwa nini, usimtafute kwenye picha, mtafute kwa sikio: ni yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, akaaye magofuni na kwenye dari za majengo ya zamani. Yeye haguni "huu, huu" kama wenzake. Anatoa mlio mkali wa kukwaruza, kama kitambaa kinachochanwa kwa mikono. Aliyempa jina alisikia nguo ikichanwa usiku wa manane, na nguo aliyoifikiria ni ile ya mwisho.

Kisha kuna babewatoto, na ndugu yake babewana. Nusu ya pili ni nyepesi: watoto, wana. Nusu ya kwanza ndiyo yenye mtego. Msomaji wa leo husikia "mbabe" na mara moja anapata hadithi: mbabe wa watoto, anayewaonea. Inapendeza, na bundi mwenye sifa ya kudhuru watoto inamfaa. Lakini "babe" ni umbo la kale la "babaye", yaani baba yake, kama "mwenziwe" lilivyo kifupi cha mwenzi wake. Basi jina linasema baba wa watoto. Kwangu mimi hili linaogofya zaidi kuliko ubabe, kwa sababu ni jina la heshima, na watu humpa heshima ya namna hiyo kiumbe wasichotaka kikasirike.

Sheria ya hatua hii ni kwamba ukikata neno, uweze kuonyesha vipande hivyohivyo vikifanya kazi hiyohiyo katika maneno mengine. Kipasuasanda kimefaulu kwa sababu ya kipaza sauti. Mtu akikwambia kwamba bundi ni "bu" ya kutisha pamoja na "ndi" ya ndiye, mwombe akuonyeshe "ndi" hiyo mwishoni mwa jina la mnyama mwingine yeyote. Atanyamaza.

Herufi ya kwanza nayo ina neno la kusema. Maneno ya kale ya Kibantu ya ngeli ya N yenye b hutanguliwa na m: mbuzi, mbwa, mbu, mbegu, mboga. Yanayoanza na b tupu mara nyingi ni wageni, kama bahari, barua, bahati, bendera, au ni maneno ya nyumbani yasiyofuata desturi, kama baba na bibi. Hatusemi mbundi. Hiyo ni dalili kwamba neno hili halikuja kwa njia kuu ya urithi. Andika dalili hiyo kwa penseli na uendelee.

Rudi kwenye kamusi za zamani

Kamusi ya leo itakwambia neno lina maana gani. Ya zamani itakwambia lilikuwapo lini na kwa nani. Kwa Kiswahili ngazi ya kushukia ipo na si ndefu. Anza na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka 2015. Shuka kwenye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya 1981. Kisha kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, na mwaka huohuo jalada la kwanza la kamusi ya Padri Charles Sacleux, kwa Kifaransa, ambayo thamani yake ni kwamba inataja lahaja. Chini yake kuna A. C. Madan, 1903. Chini kabisa kuna Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa 1844 na ambaye kamusi yake ilitoka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Ukifika kwa Krapf na Sacleux, kumbuka kwamba hakukuwa na tahajia sanifu. Krapf aliandika "Suahili" bila w hata kwenye jalada. Usipoliona neno mahali pake, libadilishie sauti: w iwe u, ch iwe t kama Wamvita wanavyosema mato kwa macho. Mimi hupoteza nusu saa kila mara kwa kusahau jambo hili, na kila mara nalaumu kamusi.

Katika ukurasa wako chora mstari wa miaka, uweke tarehe ya kwanza ya kila jina na kila maana. Maana ya ndege isipokutana na maana ya mkosi wa klabuni katika kamusi moja, umejua ipi ni kongwe.

Waulize wazee, lakini usiwaonyeshe picha

Hatua hii ndiyo ninayoipenda, na ndiyo niliyoiharibu zaidi mwanzoni. Nilikwenda na kitabu chenye picha za rangi. Nikamwonyesha mzee mmoja bundi saba, mmoja mmoja. Akaniambia wote ni bundi, akanikaribisha chai.

Kosa lilikuwa langu. Ni nani aliyewahi kumtazama bundi usoni kwa saa nzima? Watu wanamjua kwa mlio. Siku hizi nachukua milio iliyorekodiwa, naiweka kwenye simu, naisikilizisha mchana kweupe, baada ya salamu zote kwisha. "Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu." Habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu. Kisha naomba ruhusa: bibi, nina mlio wa ndege hapa, naomba unisaidie jina lake. Ukiwasha mlio wa bundi ghafla uani kwa mtu, hutapata jina, utapata mchi.

Na usiulize usiku. Kuna majina yasiyotajwa gizani. Wako wasiomtaja nyoka usiku, wakamwita kamba. Bundi naye ana majina ya kumzungukia, na hayo ya kuzungukia ndiyo hazina, kwa sababu jina la kukwepa la babu likikaa vizazi viwili huwa ndilo jina la kawaida la wajukuu. Uliza mchana, lakini uliza "usiku mlikuwa mkimwitaje?"

Uliza pia mahali ambapo bundi ni wa pekee. Kisiwa cha Pemba kina bundi wake mdogo ambaye hapatikani pengine popote duniani. Wanasayansi wanamwita Otus pembaensis, na alielezwa kitaalamu 1937. Msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi una mwingine, mdogo kama ngumi, Otus ireneae, ambaye sayansi ilimjua katika miaka ya 1960 na ambaye Tanzania yuko kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki. Sayansi imewajua juzi. Waliolala kando ya misitu hiyo wamewasikia tangu kabla ya kamusi ya kwanza. Ukiwa Mpemba unayesoma hapa, kazi yako imeshajulikana.

Tembelea majirani, ukiwa na shaka

Sasa ndipo unaporuhusiwa kutoka nje ya lugha. Andika jina la bundi katika lugha nyingi uwezavyo, lakini ziandike kwa makundi, jirani na jirani, ndugu na ndugu. Wakikuyu na Wakamba wanasema ndundu. Waganda, ekiwuugulu. Wanyarwanda, igihunyira. Wazulu na Waxhosa, isikhova. Wachewa wa Malawi, kadzidzi, na Washona wa Zimbabwe, zizi. Wajaluo, ambao si Wabantu, wanasema tula. Wamalagasi wanamwita kipasuasanda wetu vorondolo. Kisha wa mbali: Kiarabu buma, Kilatini bubo, Kihindi ullu, Kiingereza owl, Kijerumani Eule.

Ukiziangalia kwa jicho la haraka, zinaanza kucheza. Buma, bubo, bundi! Ullu, Eule, owl! Mtu akiwa na muda na kalamu anaweza kuthibitisha kwamba dunia nzima ilikuwa kijiji kimoja. Hapa ndipo bundi anapowaangusha wengi. Ndege huyu analia "buu" na "huu" kwa Mrumi, kwa Mwarabu na kwa Mzigua bila kubadili lafudhi. Watu wanaoiga sauti moja kwa midomo ya binadamu watakaribiana hata kama hawajawahi kukutana. Hudihudi ni hivyohivyo: Kiarabu hudhud, Kilatini upupa, kila mmoja alimsikia ndege na kumwandika alivyoweza.

Baadhi ya kufanana huko ni udugu wa kweli. Owl na Eule ni ndugu wa damu. Kiingereza cha kale kilisema ule, na Waholanzi hadi leo husema uil. Kilatini kilikuwa na jina jingine la bundi, ulula, na kitenzi ululare, kulia kwa sauti ndefu. Kutoka hapo wasomi wa Ulaya wamelipata neno wanalolitumia kuelezea vigelegele vyetu. Mama anayepiga vigelegele harusini, katika vitabu vyao, amepewa kitenzi cha bundi. Bibi yangu asingefurahi kulijua hilo.

Pima kwa kanuni, usipime kwa sikio

Kipimo ni hiki: maneno mawili ni ndugu pale tofauti zao zinaporudiwa katika maneno mengine. Kufanana peke yake hakuna uzito. Mbuzi kwa Kikuyu ni mbũri. Mwezi ni mweri. Penye z yetu, wao wana r, na jambo hilo linajirudia. Hao ni ndugu hata kama sikio linasita.

Chukua ndundu na bundi. Mwisho unakaribiana, mwanzo haukaribiani. Ili wawe ndugu, b yetu ingepaswa kukutana na nd ya Kikuyu kwenye maneno mengine pia. Tafuta. Hakuna kanuni ya namna hiyo. Basi kila mmoja ana njia yake.

Sasa chukua kadzidzi na zizi. Ka ya Kichewa ni kiambishi cha udogo, iondoe. Inabaki dzidzi mbele ya zizi. Je, dz ya Wachewa hukutana na z ya Washona kwingineko? Jua: dzuwa, zuva. Jino: dzino, zino. Inajirudia. Hapa tunaweza kusema kwa sauti ya kujiamini kwamba ni neno moja katika nyumba mbili. Na kwa kuwa sisi hapo tuna j, jua na jino, Kiswahili kingelirithi neno hilo huenda leo tungekuwa na bundi aitwaye "jiji", na sentensi "jiji halilali" ingekuwa na maana mbili.

Nikairudia kesi yangu ya Kiarabu. Maneno ya Kiarabu yenye m huingia kwetu na m yake salama: elimu, kalamu, hukumu, salamu, haramu. Buma lingekuja, lingekuwa buma au bumu. Sikupata hata neno moja ambalo m ya Kiarabu iligeuka nd mdomoni mwetu. Msichana wa kidato cha pili alishinda kesi kwa swali moja.

Wareno je? Walituachia meza, bendera, leso, gereza. Lakini bundi wao ni coruja, mocho, au bufo. Meza ilikuja ikiwa meza; bufo lingekuja likiwa bufo. Wareno wameachiwa huru.

"Nd" inayoelezeka kwa kanuni ipo Madagaska. Vorondolo limetokana na vorona, ndege, na lolo, mzimu. N ikigongana na l, zinazaa nd, kama ulimi wetu unavyokuwa ndimi kwa wingi. Ndege wa mizimu: upande wa pili wa bahari, ndege yuleyule wa sanda, kwa neno lisilo na undugu hata kidogo na letu.

Jihadhari na mapacha wa uongo

Hili ni fupi lakini limewatia aibu watu wenye vyeo. Ukikuta bubo kwenye kitabu cha tiba, si bundi. Ni mtoki, uvimbe wa kinenani, na ndilo lililoipa jina tauni ya mitoki. Neno hilo linatoka kwa Wagiriki, boubon, kinena. Bubo la ndege ni la Kilatini na ni la mlio. Maneno mawili yameandikwa sawasawa kabisa na hayajuani. Ukiona jambo hilo linawezekana ndani ya lugha moja ya kitabu, punguza imani yako kwa buma na bundi.

Tenga maana zilizokuja kwa meli na vitabu

Mtoto wa Nairobi leo anasoma kitabu chenye bundi aliyevaa miwani akitoa mawaidha kwa sungura. Jioni anamsikia nyanya yake akimfukuza bundi kwenye mti kwa mawe. Zote mbili ni maana za bundi, lakini hazina baba mmoja. Ile ya miwani imetoka Athens, ambako ndege huyu alikuwa wa mungu wa kike Athena na alichorwa kwenye sarafu za fedha. Bundi wa sarafu hiyo yupo hadi leo kwenye euro moja ya Ugiriki. Ilitufikia kupitia vitabu vya shule na nembo za vyuo. Katika daftari iandike kwenye safu yake, na uandike njia iliyopitia.

Wala usidhani hekima ndiyo maana ya dunia nzima na sisi ndio tuliobaki nyuma. Kwa Kihindi, kumwita mtu ullu ni kumwita mjinga, ingawa ndege huyohuyo humbeba Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Warumi, ingawa Athens ilikuwa jirani yao, walimwogopa strix, ndege wa usiku anayenyonya damu ya watoto. Jina hilo Carl Linnaeus aliwapa bundi kisayansi mwaka 1758, na kutoka kwenye mzizi wake Waitaliano wana strega, mchawi. Mweke strix kando ya babewatoto. Hakuna neno lililosafiri kati yao. Kilichowakutanisha ni mama aliyekesha na mtoto mgonjwa na kumsikia ndege nje.

Kwa wasomaji wa pwani kuna safu moja zaidi. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi, roho yake hutoka ikiwa ndege aitwaye hama, akilia kaburini aombe kinywaji. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliikana hama, pamoja na tiyara, katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na kwa Muslim. Kwa hiyo sheikh anayekwambia usimwogope bundi na bibi anayemwogopa wamo katika mjadala ulioanza Uarabuni karne nyingi kabla ya kamusi yoyote ya Kiswahili. Ukilijua hilo, utayasikiliza mazungumzo ya barazani kwa sikio jingine.

Jua pa kusimama

Mwisho wa wiki, geuza ukurasa uandike hukumu yako kwa sentensi moja, na pembeni uandike nini kingekufanya uibadilishe. Yangu inasema hivi: bundi ni jina la mlio, lililoundwa huku huku kwetu, halikutoka kwa Waarabu wala kwa Wareno, na ndundu ya Wakikuyu si pacha wake. Pembeni nimeandika: nitabadilisha nikionyeshwa jina la bundi lenye mzizi huohuo katika lugha ya Kibantu ya mbali na pwani, likiwa na sauti zinazofuata kanuni.

Yule msichana amekwisha maliza shule. Sijampata nimpe jibu lake. Kama unasoma hapa, binti, "nd" hiyo haikuingilia popote; ilikuwamo tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeingiza m.

Na wewe mwingine, kabla ya Jumapili mpigie simu mtu mzee kuliko wote katika ukoo wenu. Mwulize bundi aliitwaje kwa lugha ya nyumbani, mchana na usiku. Andika jina, kijiji, mwaka, na jina la aliyekwambia, kwa wino.